Wiki Moja Nong Khai, Kando ya Mto Mekong

Wanaotukumbuka watatukumbuka kwa mama yetu, yule aliyekuwa anauza maandazi karibu na bomba. Wasiotukumbuka wasijali, sie ni watoto wa hapo hapo kambini. Tulifika mwaka 1998, mtu na dada yake, mmoja wa miaka saba na mwingine wa miaka minne. Tuliondoka mwaka 2012 kwenda Australia. Bibi yetu bado yuko hapo, na yeye ndiye aliyetufanya tuandike.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa pili tulimpigia simu tukiwa safarini, tukamtumia na picha. Akauliza: "Muko wapi?" Tukamwambia tuko Thailand, bara la Asia, kwenye mji mdogo kando ya mto. "Munafanya nini huko?" Tukasema tunatembea tu, tunapumzika. Kimya kidogo. Halafu akasema: "Na hizo sakado za mugongo ni za nini? Nani anawakimbiza?"

Tulicheka sana, lakini jibu hatukuwa nalo. Bibi anajua aina moja tu ya safari ya mzigo mgongoni, na sisi pia tulikuwa tunaijua hiyo hiyo. Kumbe kuna watu duniani wanaobeba nguo tatu, sabuni na mswaki, wanazunguka nchi za watu miezi mitatu bila kufukuzwa na mtu, halafu wanarudi kwao na kukuta mlango uko pale pale. Tulitaka kujua inakuwaje.

Kwanza tuseme la pesa, maana tunajua litaulizwa pale bombani. Tuliweka akiba miaka miwili. Mkubwa kati yetu anafanya kazi kwenye ghala la mboga, mdogo anatunza wazee. Usiku mmoja tulibishana mpaka karibu kuche: hii pesa ingelipa ada ya watoto wangapi wa shangazi? Tulipiga hesabu kwenye karatasi na jibu halikutupendeza. Mwishowe tukakubaliana kwamba pesa ya nyumbani haitaguswa hata mwezi mmoja, na safari yenyewe iwe ya bei ya chini: treni, vyumba vya feni, chakula cha barabarani. Kama bado mtatulaumu, mna haki.

Kutoka Bangkok, mji mkuu, mpaka Nong Khai ni kilomita kama 620 kuelekea kaskazini mashariki. Treni inaondoka jioni na kufika asubuhi. Usiku mfanyakazi anapita, anageuza viti kuwa vitanda, anatandika shuka nyeupe na kufunga pazia. Mkubwa alilala kama gogo. Mdogo hakulala. Kila treni iliposimama alishika pasipoti yake mkononi, akingoja mtu aje kuuliza karatasi na kibali cha kutoka. Alfajiri mtu akaja kweli, akafungua pazia. Alikuwa anauza kahawa.

Nong Khai ni mwisho wa nchi. Mbele yake kuna Mto Mekong, na ng'ambo ya mto ni nchi nyingine, Laos. Mto huu unatoka juu kwenye milima ya Tibet, unapita nchi sita, zaidi ya kilomita 4,000, mpaka baharini Vietnam. Kwa Kithai mto unaitwa *mae nam*: *mae* ni mama, *nam* ni maji. Yaani mama wa maji. Tulipenda hilo jina.

Mji wenyewe si wa ajabu. Kuna soko refu lililobanana na mto, kuna mahekalu yenye mapaa yanayong'aa, kuna njia ya saruji ya kutembelea ukingoni, ina nyoka wakubwa wa kuchongwa ambao watu wa huko wanaamini wanaishi chini ya maji. Chumba chetu kilikuwa ghorofani kwenye nyumba ya mbao ya mama mmoja mzee, na baraza lilitazama mto. Tulipanga kukaa siku mbili. Tukakaa saba.

Tulifanya nini siku saba? Ukweli ni kwamba hakuna. Asubuhi tunakunywa kahawa barazani. Mchana jua kali, tunalala. Saa kumi tunakodi baiskeli na kwenda popote. Wana neno lao, *sabai*, maana yake mwili na roho vimetulia, na wao hulirudia mara mbili, *sabai sabai*, kama sisi tunavyosema pole pole. Siku mbili za kwanza hatukuweza. Mtu aliyekulia kambini akikaa bila kazi moyo unamwambia kuna foleni amesahau kwenda kupanga. Siku ya tatu mdogo alifua nguo zake zote, akafua na za mkubwa, akaanza kufagia uwanja wa watu. Mama mwenye nyumba akaja, akamnyang'anya fagio, akamkalisha kwenye kiti na kumpa embe bichi na chumvi yenye pilipili.

Mwezi wa pili ni kiangazi, mto umepungua. Kwenye ukingo ulioachwa wazi na maji watu wanalima bustani za muda, kitunguu, saladi, mahindi, wanajua mvua zikirudi mto utakuja kuchukua shamba lake. Ilitukumbusha bonde la Ruzizi. Maji yakishuka sana kunaonekana pia kichwa cha mnara wa zamani wa kidini, ambao ukingo ulibomoka ukaangukia mtoni mwaka 1847 na haujatoka tena. Watu wanapita kwa mitumbwi kuuzunguka.

Sasa chakula, maana Bibi aliuliza hicho kabla ya yote. Watu wa huko hawali wali kama wetu. Wana mchele unaonata, wanaupika kwa mvuke na kuuweka kwenye kikapu kidogo cha mianzi. Unamega kwa mkono, unafinyanga tonge, unachovya. Sisi watu wa bukari hatukuhitaji kufundishwa! Pembeni kuna papai bichi lililokunwa na kutwangwa kwenye kinu pamoja na pilipili, ndimu na maji ya samaki waliovundikwa. Harufu yake inafika kabla ya sahani. Mkubwa alilia machozi kwa pilipili na akaagiza tena.

Na kuna samaki wa kuchoma, amepakwa chumvi nene mwili mzima, tumboni amejazwa mchaichai. Tulipomfungua tukatazamana. Ni tilapia! Yule yule wa Mto Nile, ambaye wengine mnamwita sato. Tuliuliza, na baadaye tukasoma habari zake. Mwaka 1965 mwana wa mfalme wa Japani, Akihito, alimpelekea mfalme wa Thailand samaki hao 50 kama zawadi. Mfalme akawafuga kwenye bwawa la ikulu, wakazaana, akaagiza wagawiwe kwa wananchi. Leo wako kila soko la nchi nzima. Muuza samaki alipoambiwa kuwa samaki wake ni Mwafrika alicheka, akawaita jirani zake waje kututazama, sisi pamoja na samaki.

Jambo ambalo hatutalisahau liko alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Watawa wa Kibudha wanatoka hekaluni kwa mstari, miguu mitupu, kila mmoja na bakuli. Hawana chakula chao wenyewe, wanaishi kwa wanachopewa siku hiyo. Tulikaa barazani kuwatazama na kwa mbali ilikuwa kama foleni ya posho. Ila ilikuwa kinyume. Wapokeaji ndio wanaotembea, taratibu, hawasemi, hawaombi. Watoaji ndio wanaongoja barabarani tangu gizani, wamepiga magoti chini, wamevua viatu, na wakishatoa wanainamisha kichwa wao. Hakuna kadi ya kutobolewa, hakuna kipaza sauti. Siku ya nne mama mwenye nyumba alituamsha, akatupa kikapu cha mchele unaonata, akatuonyesha namna ya kupiga magoti. Tulitoa. Katika maisha yetu tulisimama foleni ya chakula mara ngapi? Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwa upande ule mwingine, na magoti yalikuwa yanauma.

Huyu mama, tumweleze kidogo. Ana miaka sabini na kitu, mdogo wa mwili, mchapakazi. Kiingereza hajui, lakini mjukuu wake wa kike anasoma chuo na ndiye alikuwa mkalimani. Jioni ya tano tulikaa naye ukingoni. Jua linazamia upande wa daraja, maji yanakuwa mekundu, akina mama wa mjini wanafanya mazoezi kwa muziki wa spika. Akauliza tulizaliwa wapi. Tukasema Uvira, Kongo. Akauliza tulifikaje Australia. Tukasema tulikuwa wakimbizi. Mjukuu akatafsiri, na mama akaweka kikombe chini.

Akanyoosha kidole ng'ambo. Alisema: mimi natoka pale.

Mwaka 1975 serikali ya Laos ilianguka na Wakomunisti wakashika nchi. Miaka iliyofuata zaidi ya watu laki tatu walivuka mto huu kuingia Thailand. Wengi walivuka usiku, kwa mitumbwi, kwa mianzi iliyofungwa pamoja, kwa matairi ya ndani ya gari, na wengi walifia majini. Hapo hapo Nong Khai kulikuwa na kambi. Mbali zaidi juu ya mto, mkoa wa Loei, kulikuwa na kambi ya Ban Vinai, ya watu wa milimani, hasa Wahmong. Ilifunguliwa 1975 ikafungwa 1992, na ilipojaa sana ilifika watu kama 45,000. Watu wake walikwenda Marekani, Ufaransa, Kanada, na huko kwetu Australia. Wengine walirudi Laos.

Mama alivuka mwaka 1976. Alikuwa na mtoto wa miezi minane. Walimpa mtoto dawa ya usingizi asilie, kwa sababu askari walikuwa ukingoni. Alimfunga juu ya tairi, akaogelea akilisukuma. Alisema si kila mtoto aliyelishwa dawa aliamka upande huu. Hapo mjukuu alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri, halafu akasema kwa maneno yake mwenyewe: huyo mtoto ni mama yangu.

Hatukujua la kusema. Tukamchorea ziwa letu kwenye karatasi, Uvira hapa, Kigoma pale. Tukamwambia mama yetu alimpa mdogo kipande cha muwa atafune njia nzima ili asiulize maswali mtumbwini. Akataka kujua kama ukiwa kambini unaona nyumbani. Tukasema hapana, ni mbali, kuna ziwa lote katikati, na kambi iko bara. Akatikisa kichwa, akasema: afadhali ninyi. Yeye kijiji chao kiko mkabala. Miaka kumi na minane, kila asubuhi, aliona moshi wa majiko ya kwao na hakuweza kwenda.

Ndugu zake walipata kwenda Ufaransa. Yeye aliolewa na Mthai akabaki. Daraja lilipofunguliwa mwezi wa nne mwaka 1994, la kwanza kubwa kuunganisha Thailand na Laos, urefu wa mita 1,170, alingoja miaka mingine miwili kabla ya kuvuka. Tulimuuliza alichokuwa anaogopa. Akasema aliogopa kukuta hawamjui. Na daraja lilijengwa kwa pesa za msaada wa Australia, akatukumbusha, akitupiga begani kama vile ni sisi tuliotoa.

Tangu jioni hiyo tuliutazama mji kwa macho mengine, maana ukichunguza, nusu ya Nong Khai ilivuka maji. Chakula kinachosifiwa zaidi mjini ni vijiti vya nyama ya nguruwe ya kuchoma, vinaviringishwa kwenye karatasi laini ya mchele pamoja na majani, ndizi mbichi na kitunguu saumu. Ni chakula cha Wavietnam. Walikimbia Laos mwaka 1946, Wafaransa walipoirudia kwa silaha, maelfu wakavuka Mekong. Wengine walirudishwa Vietnam baadaye. Waliobaki walilea watoto na wajukuu ambao walingoja miaka mingi sana kabla ya kupewa uraia. Mnakumbuka Warundi wa 1972 kule Katumba na Mishamo, waliopewa vyeti vya Tanzania mwaka 2014? Ndo hivyo hivyo. Leo watalii wanapanda treni usiku kucha kuja kula hicho chakula cha wakimbizi.

Na kuna bustani. Iko kilomita chache mashariki ya mji, tulikwenda kwa baiskeli. Inaitwa Sala Keoku. Ni masanamu ya saruji na matofali, makubwa kupita kiasi, mengine yanafika mita 25, nyoka wa vichwa saba, miungu, mifupa miwili imekaa kwenye kiti imeshikana kama wapenzi. Aliyeijenga ni Bunleua Sulilat. Alizaliwa upande huu wa Thailand, akahamia Laos, na kule mwaka 1958 akaanza kujenga bustani ya masanamu karibu na Vientiane. Wakomunisti walipochukua nchi akakimbia kurudi upande huu, akaacha kila kitu. Mwaka 1978 akaanza tena. Bustani nyingine, masanamu makubwa kuliko ya kwanza, kazi ya miaka karibu ishirini, mpaka alipofariki mwaka 1996. Hatukuwa wafundi wa kujua kama ni kazi nzuri. Mengine yanatisha, mengine yanachekesha. Tulilopenda sisi ni tembo anayepita katikati ya kundi la mbwa wanaobweka. Hageuki hata kidogo.

Tulijiuliza yule mzee aitwe nani, mkimbizi au mrejea. Mkubwa alisema mkimbizi, maana kazi yake ilibaki kule. Mdogo akasema mrejea, maana alizaliwa huku. Tulibishana mpaka baiskeli zikapata pancha, yaani moja, na tukaisukuma njia nzima.

Siku ya sita tukaamua kuvuka daraja tuione ile bustani ya kwanza. Hairuhusiwi kuvuka kwa miguu, unapanda basi. Kwanza dirisha la uhamiaji. Mkubwa akapita. Mdogo akasimama mbele ya kioo na mikono ikaanza kutetemeka. Afisa alisoma pasipoti, akasoma tena mahali pa kuzaliwa, akajaribu kulitamka, "U-vi-ra." Akamtazama. Mdogo tayari alikuwa ameanza kutafuta barua mfukoni, barua gani hata hajui, karatasi ya idadi ya familia pengine, ambayo ilibaki Kigoma tangu 2012. Afisa akagonga muhuri na kumwita anayefuata. Dakika mbili hazikutimia. Kwenye basi alikaa dirishani, hakusema neno, na daraja lilipofika katikati ya mto akatoa kipande cha embe alichobeba, akaanza kutafuna.

Bustani ya kwanza ni ndogo, masanamu yana ukungu na yanaonekana ya kale kuliko umri wake. Kuna Buddha amelala chini, mrefu kama jengo la shule, na boga kubwa la saruji unaloingia kwa mdomo wa shetani na kupanda ndani mpaka juu. Tulipanda. Kutoka juu unaona mto, na ng'ambo yake Thailand. Jioni tukarudi, muhuri mwingine, tukawahi chakula. Mama aliuliza tumeonaje kwao. Tukasema kuzuri. Alifurahi, akaongeza kwamba mchele wa kule ni mtamu zaidi.

Siku ya kuondoka alitupa furushi: mchele unaonata umepikwa na tui la nazi, ndani yake ndizi, umefungwa kwa majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba. Hauharibiki haraka, wao huupeleka safari. Tulifungasha sakado zetu, zikawa nyepesi vile vile kama tulivyokuja, tukapanda treni ya jioni. Kabla haijaondoka tukampigia Bibi. Jirani alikuwa amemwonyesha ile picha ya mto kwenye simu yake, akiikuza kwa vidole.

"Hiyo ng'ambo ni karibu hivyo?" aliuliza.

Tukamwambia ni karibu, sauti ya jogoo inafika. Tukamsimulia habari za mama mwenye nyumba, tairi, dawa ya usingizi, askari. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo Bibi si kawaida yake.

"Na ule mutoto," akasema, "aliamuka?"

"Aliamka, Bibi. Ana watoto wake."

Tukasikia anamweleza jirani kwa Kifuliiru. Kisha akarudi kwenye simu akauliza kama tumekula.